Makopo ya Mama Giza

Jina lile hakupewa kwa ubaya. Hospitalini kila mtu huitwa kwa kazi yake. Kulikuwa na Mzee Geti, kulikuwa na Dada Chanjo, na mwishoni mwa korido ya chini, kwenye chumba kisicho na dirisha, kulikuwa na Mama Giza, aliyesafisha picha za eksirei kwa miaka thelathini na moja. Wenzake wakipita mlangoni huuliza kwa sauti, "Mama Giza, huko kumekucha?" Naye hujibu kutoka ndani, "Bado, rudini mkalale." Utani ni huohuo miaka thelathini na moja, na hakuuchoka hata siku moja. Kwa hilo tu anastahili sifa.

Tunaambiwa usilolijua ni usiku wa giza. Yeye giza alilijua kwa vidole. Alijua beseni la dawa liko hatua ngapi kutoka mlangoni, alijua kwa kugusa upande upi wa sanduku umeanza kula unyevu, na muda alihesabu kimoyomoyo, bila saa. Fundi mmoja wa mashine aliwahi kumpima kwa saa ya mkononi. Katika dakika nne alikuta tofauti ya sekunde mbili, akamwambia. "Basi ipeleke saa yako kwa fundi," Mama Giza alimjibu, akaendelea na kazi.

Kisha kompyuta zikaja. Picha za mifupa zikawa zinatokea kwenye kioo kabla mgonjwa hajavaa shati, na chumba cha giza kikapewa mafagio na ndoo. Masanduku kumi na manne ya filamu iliyopitwa na tarehe yalipangiwa kuchomwa moto. Mama Giza alikwenda kwa mtunza stoo akayaomba. Mtunza stoo akacheka mpaka akakohoa, akamwandikia kibali, na mwaka huohuo mama wa watu akastaafu na mzigo wake.

Wengi walidhani ni uchungu wa kuachana na kazi, kwamba atayapanga sebuleni ayatazame. Hawakujua kwamba tangu akiwa msichana wa darasa la sita alikuwa na jambo lake moyoni. Mwalimu wa sayansi aliwaonyesha boksi lenye kitundu, na ndani yake, kwenye karatasi, mwali wa mshumaa ulikuwa unawaka kichwa chini miguu juu. Wenzake waliandika kwenye madaftari wakafunga. Yeye aliondoka na swali: kama kitundu kinatosha, lenzi ni ya nini?

Akaanza na kopo la maziwa ya unga, lile kubwa lenye mfuniko wa kubana. Alilipaka rangi nyeusi ndani. Ubavuni alikata kidirisha, akabandika kipande cha bati laini la kopo la soda, na katikati ya bati akatoboa tundu kwa ncha ya sindano, akasugua kwa msasa, akatoboa tena. Ndani alikunja kipande cha filamu, akafunika, akaziba tundu kwa utepe mweusi. Hapo kamera imekamilika. Ukitaka picha unabandua utepe, unasubiri, unaubandika tena. Filamu ikishasafishwa, huilaza juu ya karatasi ya picha na kuiwashia taa kidogo, na karatasi hizo alizipata kwa mpiga picha mmoja aliyefunga studio yake.

Kusubiri ndiko kulikokuwa fani yake. Kuna picha alizoziachia dakika, kuna alizoziachia asubuhi nzima. Barabara iliyojaa watu aliielekezea kopo tangu saa mbili hadi saa sita, na picha ilipotoka, barabara ilikuwa tupu. Walioipita wote walifutika, kwa sababu hakuna aliyekaa mahali pamoja kiasi cha mwanga kumkariri. Zilibaki nguzo, mkokoteni ulioegeshwa, na mlinzi wa duka, ambaye sasa ilijulikana kwamba analala kazini. Muuza nyama wa jirani alikuja kulalamika. "Mimi nilisimama pale makusudi, Mama Giza. Nusu saa nzima! Niko wapi?"

"Ulisimama, au ulikuwa unachezacheza kama mizani yako?"

Watu walicheka, muuza nyama naye akacheka, maana kwenye mizani hiyo hakuwa na la kujitetea. Mama Giza alitengeneza pia kopo lenye matundu matatu, akampiga picha karani wa posta akatokea mara tatu, kila mmoja akimgeuzia mwenzake kisogo. Kopo jingine, lenye karatasi ya picha badala ya filamu, alilifunga juu ya paa akaliacha miezi minne bila kuligusa. Jua lilipita mbele yake kila siku na kuchora mstari wake, na siku za mawingu zikaacha pengo. Alipoifungua karatasi ile aliona miezi minne yote mkononi mwake.

Wa kwanza kuonyeshwa picha alikuwa daima dada yake.

Dada huyu alimzidi miaka sita. Alikuwa fundi cherehani, tena fundi kwelikweli, wa kukutazama mara moja tu na nguo ikakukaa. Waume wa wote wawili walishatangulia, watoto walishaota mbawa, kwa hiyo waliishi pamoja katika nyumba ya vyumba vitatu: kimoja cha dada na cherehani yake, kimoja cha mdogo mtu, na stoo inayotazama barabara. Dada huishika picha kwa mikono miwili, huielekeza dirishani, hutikisa kichwa taratibu. "Nzuri, mdogo wangu. Hii imeipita ya juzi." Na Mama Giza huondoka pale amerefuka.

Siku moja dada alimwekea mezani kibweta chake chote cha sindano nyembamba, zile za kudarizia, ambazo madukani hazipatikani tena. "Chukua. Zitakufaa kwenye makopo yako." Mama Giza alifurahi kupita kiasi. Sindano zile zilitoboa matundu ya duara safi, na kwa wiki tatu alikuwa akitoboa huku anaimba. Hakujiuliza hata mara moja kwa nini fundi cherehani anagawa sindano zake, na hilo hadi leo hajajisamehe.

Alikuja kushtuka pale mteja mmoja aliporudisha koti. Lilikuwa jeusi, limeshonwa kwa uzi wa bluu, lina vifungo vinne na matundu matano. Mteja alikuwa mstaarabu, aliliweka tu juu ya cherehani akaondoka. Dada alilipapasa koti lile kwa muda mrefu.

"Ni macho ya mama," alisema mwishowe.

Hakukuwa na haja ya kufafanua. Mama yao aliingiwa na ukungu machoni akiwa na umri kama huo, na miaka kumi na moja ya mwisho walimwongoza kwa mkono, hata kwenda bafuni. Hakupelekwa kokote. Watu walisema ni uzee, na uzee hauna dawa.

"Twende kliniki, dada."

"Nikaambiwe nini? Miwani nimeshajaribu, tatu, za pale sokoni. Moja imenipa maumivu ya kichwa, ya pili imenipa kichefuchefu, ya tatu nimeikalia. Kama ingekuwa ni miwani ningeshajua."

"Lakini daktari..."

"Daktari atanitajia mwaka wa kupofuka. Mama hakutajiwa mwaka, akaishi. Sasa niahidi: usinipeleke, na usiwaambie watoto. Niahidi."

Mama Giza aliahidi, kwa kuwa dada ni dada, na kwa kuwa yeye mwenyewe aliogopa. Lakini moyo haukutulia. Kama macho ya dada yanakwisha, alijiambia, basi yasikwishe na njaa. Atamletea barabara nzima ndani, kubwa kama ukuta, aitazame akiwa ameketi kabla giza halijamfikia.

Ilimchukua siku nne. Aliziba dirisha la stoo kwa maboksi na mablanketi, akaziba nyufa za mlango, akatundika shuka jeupe mkabala na dirisha. Ubao alioupachika dirishani ulikuwa na nafasi ya kubadilisha vibati. Tundu kubwa lilileta mwanga mwingi na picha ya ukungu. Akalipunguza, akalipunguza tena, mpaka akafika kwenye tundu lisilozidi kichwa cha pini. Picha ilififia, ila ilikuwa safi. Saa tano asubuhi, jua likiwa kali nje, alimketisha dada kwenye kigoda na kufunga mlango.

"Subiri macho yazoee," alimwambia.

Walisubiri. Polepole shuka likaanza kujaa. Barabara ikatokea juu, anga likawa chini, maduka yakaning'inia kwa misingi yake, na watu wakawa wanatembea vichwa chini kwa raha zao, na rangi zao zote. Mama Giza alikuwa ameshaiona mara kadhaa kwa siku nne zile, na bado alishika mdomo. Mwanamke mmoja alipita na mwavuli, taratibu, kutoka upande hadi upande.

"Unaonaje?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Nzuri, mdogo wangu. Nzuri sana."

Jibu lilikuja haraka mno. Kuna kitu kikamgusa Mama Giza.

"Mwavuli ule ni wa rangi gani?"

"Mwavuli? Si... mweusi."

"Ni mwekundu, dada."

Baiskeli ikapita kwenye shuka, magurudumu juu.

"Na picha zangu?" Mama Giza aliuliza. "Ile ya paa. Ile ya karani. Ulikuwa unaziona?"

Aibu ya dada ikageuka hasira, kama ilivyo kawaida yake. "Miaka miwili sijaona picha yako hata moja! Naona karatasi. Naona kijivu. Ulitaka nikwambie hivyo, wewe unakuja umeishika kama mtoto mchanga? Nikuvunje moyo ili iweje?" Akainuka, kigoda kikaanguka. "Na huo mwanga wenyewe unaingilia wapi? Nimechoka na giza lako, giza ninalo la kwangu!"

Akaenda kwa kupapasa hadi kwenye ubao, akaliona tundu linawaka, akainama na kulikandamizia jicho, kwa ukali, kana kwamba anataka kulizima. Na kweli, kichwa chake kiliziba mwanga. Picha yote ikatoweka kwenye shuka na stoo ikawa nyeusi tii. Mama Giza alibaki gizani anasubiri matusi yaendelee.

Hayakuendelea.

"Nani kamwaga maji mbele ya duka la misumari?" dada aliuliza.

"Nini?"

"Kuna dimbwi. Na yule mlinzi amevua kiatu kimoja." Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ndogo. "Pana kibao mlangoni. Kimeandikwa... *Usiegeshe baiskeli hapa.* Kibao hiki kimewekwa lini?"

Kibao kilikuwa na miaka mitano pale. Mama Giza alisogea akamshika dada mabega kwa nyuma.

Mama Giza alikosa usingizi usiku ule, lakini alfajiri akili yake ya kazi ilishaunganisha mambo. Filamu iliyooza, uitobolee tundu la aina yoyote, haitoi kitu. Hiyo aliijua kuliko mtu yeyote. Kama jicho la dada lingekuwa limekufa ndani, tundu lisingelisaidia. Lakini lilisoma kibao. Maana yake filamu ni nzima, kilichoharibika ni kitu cha mbele yake, na cha mbele huwekewa kioo cha miwani. Halafu akakumbuka, na kumbukumbu ile ikamchoma: kliniki ya macho ilikuwa milango mitatu tu kutoka chumba chake cha giza. Kwa miaka thelathini na moja alipita pale na kikombe cha chai akiona manesi wakiwashikisha wagonjwa kijiko cheusi chenye vitundu, na hakuwahi kuuliza ni cha nini. Kinyozi hajinyoi, ndiyo, lakini hata dada yake?

Alimweleza dada yote hayo asubuhi. Dada alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Uliahidi."

"Niliahidi nikiwa mjinga."

"Mimi giza sikuliogopa, mdogo wangu. Nilishalizoea. Hili unaloniletea sasa ndilo ninaloliogopa." Alikuwa na maana ya matumaini, ila neno lenyewe hakulitamka.

Mama Giza hakumsukuma. Mtu aliyezoea kusubiri miezi minne chini ya paa hawezi kushindwa na siku chache. Alikata kibati kipya, akatoboa tundu, akakizungushia utepe mweusi kisimkwaruze, akakiacha juu ya cherehani bila neno. Siku ya kwanza kilikaa palepale. Siku ya pili kilikuwa kimehama upande. Siku ya tatu alipita mlangoni akamkuta dada amekibana jichoni kwa mkono wa kushoto, kwa mkono wa kulia anasogeza uzi kuelekea sindano aliyoichomeka kwenye kitambaa. Alikosa. Akalamba uzi, akakosa tena. Mama Giza alisimama pale bila kupumua, akihesabu. Mara ya tisa uzi ukapita.

"Acha kunichungulia," dada alisema bila kugeuka. "Kesho twende."

Daktari wa macho alikuwa binti mdogo mwenye adabu. Aliwaamkia, akamulika, akapima, akamwomba dada asome herufi ukutani, naye hakusoma hata moja. Kisha akachukua kijiko cheusi chenye vitundu. "Mama, shika hiki mbele ya jicho, ujaribu tena."

Dada akaangua kicheko. Akafungua pochi, akatoa kibati chake cha kopo la soda, akakiweka jichoni, akasoma mistari minne bila kusita. Daktari aliweka kijiko chake chini.

"Hiki kakutengenezea nani, mama?"

"Mdogo wangu huyu. Ni mtu wa giza, lakini anajua mwanga."

Daktari aliwaeleza bila kuzunguka. Macho yalihitaji miwani, tena nzito, kila jicho na kioo chake, kimekatwa kwa mshazari wake. Za mezani sokoni zisingeweza kumfaa hata angejaribu mia. Atapimwa kila mwaka, kwa sababu umri una mambo yake, lakini kwa leo hakuna ugonjwa. Dada aliuliza jambo moja tu.

"Mama yetu alikuwa hivihivi. Miaka kumi na moja. Na yeye ingekuwa miwani?"

"Siwezi kujua, mama. Hakupimwa."

Hapo ndipo dada alipolia, si kwa ajili yake mwenyewe. Mama Giza alilia naye. Daktari aliwaacha, akajifanya anatafuta karatasi.

Miwani ilikuwa tayari baada ya wiki mbili. Dada alikataa kuivaa kliniki. "Nitaivaa kwangu," alimwambia nesi. "Usikasirike, lakini sitaki kuanza na sura yako." Akaibeba mapajani njia nzima.

Nyumbani alikaa kwenye kiti cha cherehani, karibu na dirisha, akaivaa. Ilimkaa puani nzito kama mzigo. Mama Giza alikuwa ameshapanga picha mezani, thelathini na kitu. Hata siku ya kuajiriwa hakuogopa hivyo. Dada alizichukua moja moja, bila haraka.

"Hapa kopo lilitikisika."

"Ndiyo."

"Hii umeiacha mno. Imeungua."

"Ndiyo, dada."

"Huyu karani ana mabega ya mshtakiwa. Nguo hiyo kamshonea nani?" Alifika kwenye ile ya paa, ya miezi minne, mistari ya jua imepangwa mmoja juu ya mwingine na mapengo yake ya mawingu. Akaigeuza, akaigeuza tena, akafuata mstari mmoja kwa ncha ya kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. "Hii," alisema, "hii sikujua kama mtu anaweza."

Akainua kichwa aseme zaidi. Akaishia kumtazama mdogo wake, mkono bado umeshika picha.

"Vipi?" Mama Giza aliuliza.

"Umezeeka lini wewe?"

"Dada..."

"Nyusi zote nyeupe. Na hapa," aligusa shavu lake mwenyewe kuonyesha, "hapa pameingia ndani. Mimi miaka yote nilikuwa naongea na yule mwingine, yule mwenye mashavu. Niko humu humu ndani, tunakula sahani moja, na umezeeka bila mimi kuona."

Mama Giza alijaribu kucheka, akashindwa. Akaanza kukusanya picha ili apate pa kuweka macho.

"Ziache hizo," dada alisema, akavuta kigoda kwa mguu na kukiweka mbele yake, kwenye mwanga wa dirisha. "Kaa hapa nikutazame. Na usitikisike, maana nitachukua muda."